Arifa Iliyofika Rusinga Kabla ya Watu

Oyugis, Jumapili alasiri

Kwako Odhiambo,

Sikuulizi hali. Nimekuona mchana huu ukimaliza sahani mbili za ugali na samaki hadi ukalamba vidole, kwa hiyo najua mwili uko sawa. Sasa umetoka kwenda kuwaaga wenzako, nami nimebaki hapa stoo, nimekalia rundo la viti vya plastiki, naandika kwenye karatasi nilizozichomoa katika daftari la dada yako Atieno. Yeye hajui, na usimwambie.

Mambo ya blanketi, neti ya mbu na kupiga simu ukifika, Atieno ameshakusomea kama karani wa korti. Sirudii. Wala sitakuhubiria juu ya kanisa. Utaenda au hutaenda, na Mungu atakuona vilevile.

Utashangaa kwa nini nakuandikia Kiswahili na si Dholuo tunayoongea nyumbani. Kwa Dholuo ningelia kwenye mstari wa tatu. Kiswahili nilikifundisha miaka minne kule Kegonga, nikiwa mwalimu wa muda, kabla baba yako hajanioa, na hadi leo nikikiandika mgongo hunyooka kana kwamba niko mbele ya darasa. Leo nauhitaji huo mgongo.

Jambo lenyewe ni lile la Rusinga. Najua hutaki litajwe. Mwaka umepita na miezi juu, na hakuna kati yetu aliyefungua mdomo. Lakini kesho unaenda Nakuru kwenye kampuni ya kutuma arifa za maduka, kazi ileile iliyotuingiza kwenye lile jambo, na wiki mbili zilizopita nilikusikia ukimwambia Atieno kwamba nusura uikatae. Ulisema, "Mimi si mtu wa kuaminiwa na simu za watu." Nilikuwa nyuma ya mlango na beseni la nguo. Nilisimama pale hadi maji yakanilowesha viatu, na bado sikuingia.

Nianze mbali kidogo, univumilie.

Baba yako alipofariki ulikuwa darasa la pili. Alianguka kwenye ujenzi kule Homa Bay na hakuamka. Wewe unayakumbuka mazishi. Mimi nakumbuka zaidi jinsi nilivyoambiwa. Nilikuwa nakula. Shemeji yangu aliingia pamoja na mke wa mchungaji na jirani yetu mmoja, wakaketi, wakakubali chai. Wakauliza mahindi yameota vipi. Wakauliza habari za ng'ombe aliyekuwa na mimba. Nikaona chai inapoa na hakuna anayeigusa, na jirani ananitazama kila ninapomeza. Nilipomaliza, mke wa mchungaji akainuka akaja kukaa kando yangu, bega kwa bega, akanishika kifundo cha mkono. Ndipo shemeji akasema.

Kwa muda mrefu niliwachukia kwa zile dakika ishirini. Niliona wamenifanya mjinga, nimetafuna ugali wakati mume wangu yuko mochari. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba walinisubiri nile kwa sababu walijua sitaonja kitu siku tatu zitakazofuata, na kwamba yule mama alinishika mkono kwa sababu ameshaona wanawake wakijitupa chini na kuumia. Hivyo ndivyo kwetu habari ya kifo inavyofikishwa kwa mke au kwa mama. Hupelekwa na watu, wanaokuja na miguu yao, na hao watu hukubali kuchukiwa.

Siku ya kumzika baba yako mvua ilinyesha kama iliyotumwa. Tulikuwa na maturubai mawili ya kuazima, yametoboka. Nyanya yako alilowa chapachapa mbele ya kaburi la mwanawe, na mimi nikaapa moyoni kwamba nikipata nguvu, hakuna mama mwingine wa eneo hili atakayelowa hivyo. Hema la kwanza nililinunua baada ya mwaka. Nikaliita Tipo, yaani kivuli, na hilo ndilo jina lililo kwenye mahema yetu yote hadi leo.

Nakueleza haya unayoyajua nusu ili uone kwamba sikuwa mgeni wa msiba. Mtu mwingine angeweza kusema hakujua. Mimi nilijua.

Ulipomaliza chuo ukaniletea habari ya tovuti, nilicheka. Nilikuuliza nani atatafuta hema la mazishi kwenye mtandao. Hukubishana, ukatengeneza tu. Kisha ukanionyesha kile kisanduku kinachotokea juu ya skrini mtu anapoifungua tovuti yetu, kinachouliza kama anakubali Tipo imtumie arifa. Kuna Ruhusu, kuna Zuia. Akibonyeza Ruhusu, hata akifunga tovuti, hata akiwa shambani analima, tunaweza kumtumia ujumbe mfupi ukamtokea juu ya simu. Hatuhitaji namba yake wala jina lake. Nikakuuliza, "Sasa tutajuaje ni nani?" Ukanijibu kwa Sheng yako, "Mathe, hatujui. Tunajua tu simu." Nililisikia hilo jibu kama habari njema. Laiti ningelisikiliza hadi mwisho.

Na ilifanya kazi, tusidanganyane. Tuliandika kwamba hema jeupe la harusi lipo Agosti, tukapata harusi mbili za Homa Bay. Tuliandika kuhusu semina za kanisa, tukaitwa Rongo. Tukafungua stoo ndogo Migori. Mimi niliyekuwa nabandika karatasi kwenye nguzo za stima na kufukuzwa na askari wa kaunti, sasa niliamka asubuhi nikaongea na mamia ya simu kabla sijanawa uso. Nilinogewa. Nikawa napenda kuona jina la Tipo likiruka kwenye simu za watu kuliko nilivyopenda mahema yenyewe, na wewe uliliona hilo kabla yangu, kwa sababu ulianza kunificha neno la siri la ule mtambo. Nikakununia siku nzima hadi ukanipa.

Ndipo nikaanza kutia chumvi. Unamkumbuka Mwita wa Kegonga? Nilimfundisha darasa la sita, sasa ni baba wa watoto wanne, na Desemba ile mtoto wake wa kiume alikuwa anatahiriwa. Wakuria wana sherehe zao mwezi huo, mahema hutafutwa. Nikatuma: "Limebaki hema MOJA tu Jumamosi. Wahi!" Stoo ya Migori ilikuwa na mahema sita. Mwita aliacha mahindi yake yameanikwa uani, akakodi pikapu, akafika Migori asubuhi mapema. Akakuta mahema sita yamekunjwa, yamepangwa ukutani vizuri, kwa mkono wangu.

"Mwalimu," akaniambia, "hiyo moja imebaki ni gani kati ya hizi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Kuna wingu huko kwetu," akasema. "Mahindi yangu iko nje na bibi yangu ako peke yake. Mimi nimekuja mbio juu ya hiyo meseji yako."

"Mwita, hiyo ni biashara tu. Hata wengine wanafanya."

"Sawa. Hema nitachukua, wageni wako njiani. Lakini hii kitu yako nafunga."

Akaingia kwenye simu yake, akaitafuta Tipo, akabonyeza Zuia huku nikimtazama. Baadaye uliniambia kwamba mtu akishafunga hivyo, kile kisanduku hakimtokei tena. Hatuna njia ya kumwomba upya. Nilikujibu kwamba mmoja akitoka wataingia kumi. Lakini Mwita alikuwa mwanafunzi wangu, na aliniita mwalimu wakati akinishika kwenye uongo, na nililala vibaya siku hiyo.

Ningejifunza hapo. Nilichojifunza ni kuwa mjanja zaidi.

Kulikuwa na ule ujumbe wa kuwakumbusha watu walioanza kujaza oda wakaiacha njiani. Wewe uliuandika hivi: "Tipo: oda yako haijakamilika. Bonyeza hapa kuendelea." Mimi niliuona mkavu kama omena ya mwezi uliopita. Nikakwambia tuongeze jina, kwa sababu kwenye fomu mtu huandika sherehe ni ya nani au msiba ni wa nani. Ukasema, "Mama, hapana. Hatujui nani atakuwa ameshika simu." Nikasema sawa. Jumatatu, ulipokuwa Rongo unasimamisha mahema ya semina, nikaingia kwa neno la siri lililonigharimu kununa siku nzima, nikaandika upya.

Na unajua nilijidanganya vipi? Nilijiambia ni adabu. Mtu amefiwa, utaanzaje kumwambia habari ya viti kabla hujampa pole? Hata ukikutana na mtu sokoni unatangulia na pole. Kwa hiyo nikaweka pole mbele, nikaweka nafasi ya jina la marehemu likae lenyewe, nikaweka zawadi mwisho. Niliusoma kwa sauti hapa stoo nikajipongeza. Niliona nimeufundisha mtambo wako tabia njema.

Siku tisa baadaye akafa Ouma.

Ouma alikuwa mwalimu shule ya karibu na hapa, mtu wa kisiwa cha Rusinga, mtoto wa pekee wa Mama Rispa. Aliugua ghafla akafia hospitalini asubuhi. Wazee wa kwao walipigiwa simu kwanza, kama inavyotakiwa: Mzee Okelo, ndugu wa marehemu mume wa Rispa, na mwanawe Tobias. Wakapanga. Dada yake Rispa achukuliwe Mbita, mchungaji atafutwe, wote wafike pamoja saa kumi. Hadi hapo mama asijue kitu. Tobias akapewa kazi ya kutafuta mahema kimyakimya, na walimu wa huku wakamtajia Tipo. Simu yake haikuwa na bando. Akaenda ufuoni, Rispa alikokuwa anaanika omena, akaazima simu ya Rispa mwenyewe, akasema anataka kuangalia matokeo ya mpira.

Akafungua tovuti yetu. Kile kisanduku kikamziba njia, akabonyeza Ruhusu ili kiondoke. Akajaza: mazishi, Ouma, mahema matatu. Kabla hajamaliza Rispa akaitaka simu yake. Akafunga kila kitu, akafuta na kumbukumbu za kurasa alizofungua, maskini, akadhani hakuna kilichobaki. Akarudisha simu kwa mikono miwili.

Saa nane mchana mtambo ukafanya nilivyouagiza. Rispa alikuwa peke yake, amepiga magoti kwenye neti yenye samaki. Simu ikalia. Alidhani ni Ouma, kwa sababu Ouma humpigia baada ya chakula cha mchana. Akajifuta magamba kwenye leso, akasoma:

"Pole sana kwa msiba wa Ouma. Mahema yako bado yanakungoja. Maliza oda leo upate viti hamsini bure."

Wanawake wa ufuoni walisikia nduru, yowe letu la msiba, wakakimbia, wakamkuta amelala juu ya samaki. Mchungaji na dada yake Rispa walikuwa bado Mbita, wananunua sukari ya kwenda nayo.

Mzee Okelo alitupigia jioni hiyo. Hakupiga kelele. Alisoma tu ujumbe wote, neno kwa neno, kisha akasema kesho yake tufike. Unakumbuka tulivyoenda. Tulipakia mahema matatu kwenye pikapu yetu ili tuyatoe bure, nami njiani nzima nikawa napanga maneno ya kuyatolea. Tulipofika, Mzee Okelo hakuyatazama hata kidogo. Tulikalishwa uani, watu wa boma lile wakiwa wamekaa kwenye mikeka na vigoda, Rispa mwenyewe mlangoni pa nyumba yake, amenyoosha miguu, ametulia kwa utulivu wa mtu aliyeishiwa sauti.

"Mahema rudini nayo," Mzee akasema. "Mimi nina swali moja tu. Haya maneno, nani aliyaandika?"

Hapo ndipo ninapotaka kufika tangu mwanzo, mwanangu. Nilikuwa na jibu la neno moja. Nilitazama wale watu wote. Nilifikiria jina la Tipo. Nilifikiria kwamba mimi ni mjane kama Rispa, mwenye mtoto kama yeye alivyokuwa naye, na kwamba wataniuliza ningewezaje, mimi niliyelishwa kabla ya kuambiwa. Nikasema, "Mzee, mambo yote ya kompyuta hufanywa na huyu kijana wangu."

Ukiikagua hiyo sentensi kama mwalimu, haina uongo. Niliipanga vizuri. Kisha nikakugeukia, na watu wote wakakugeukia.

Ukasimama. Ulivua kofia. Ukasema, "Ni mimi, Baba. Mos."

Yaani pole, neno lilelile nililoliandika mimi, ukalitoa wewe.

Tuliporudi tukasimama Homa Bay, nikakununulia soda, ikakaa magotini pako hadi ikapata moto. Mimi, badala ya kunyamaza angalau, nikasema, "Labda kuna mahali ulisahau kurekebisha." Nilisema hivyo, Odhiambo. Nilikuwa nakufukia kabisa. Ukatazama barabara ukasema, "Labda." Na tangu siku hiyo hukuandika tena hata arifa moja. Ulizima ukumbusho, ukaondoa kisanduku, ukarudi kubeba vyuma vya mahema kama kibarua, na mimi nikawa nawaambia watu kwamba umekuwa mkimya kwa sababu ya utu uzima.

Nilikuwa nimejituliza kwa jambo moja: kwamba hujui. Nilidhani unaamini kweli kwamba kosa ni lako, kwamba ulipitiwa mahali. Lilikuwa kosa baya, lakini nilijiambia ni la siri, na siri mtu anaweza kuishi nayo.

Wiki iliyopita ulinikalisha unifundishe kuendesha tovuti utakapokuwa Nakuru. Mteja akaja, ukatoka. Nikabonyeza mahali usiponionyesha, nikakuta ukurasa wenye orodha ya kila kitu kilichowahi kubadilishwa: ujumbe gani, nani aliubadilisha, siku gani, saa ngapi. Nikashuka hadi siku zile. Ujumbe wa kukumbusha, umebadilishwa na mimi, jina langu kamili, Jumatatu. Na juu yake mstari mwingine: umefunguliwa na kufutwa na Odhiambo, jioni ileile Mzee Okelo alipopiga simu.

Kwa hiyo ulijua. Ulikwenda Rusinga ukijua. Ulikaa kando yangu kwenye pikapu kutoka hapa hadi Mbita, ukaniachia njia nzima niseme mwenyewe, nami nikawa nakueleza jinsi mahema yatakavyoshushwa.

Nilifunga kompyuta. Uliporudi nikakwambia nimeelewa, na wewe ukadhani nazungumzia tovuti.

Nimejiuliza sana, kama ulijua, kwa nini umwambie Atieno hufai kuaminiwa. Nadhani mtu akibeba mzigo mwaka mzima bila wa kumuuliza, hufika mahali akasahau kwamba si wake. Au pengine unaona kwamba mtambo uliujenga wewe na neno la siri ulinipa wewe. Kama ni hilo, nisikilize. Ulinikataza mara mbili. Nami nilikuwa mama yako, na mwenye biashara, na nilikununia. Mtoto angefanya nini zaidi?

Basi Alhamisi sikwenda Homa Bay kununua kamba kama nilivyokudanganya. Nilikwenda Rusinga. Nilimwomba Mzee Okelo awaite watu walewale waliokaa siku ile, kwa sababu nilikuwa nimekutoa mbele ya watu, na nisingeweza kukurudisha kwa kunong'ona jikoni. Wakaja, si wote, wengi wao. Nikasimama. Nikasema, "Siku ile mliuliza nani aliandika. Nikamwacha mtoto ajibu. Ni mimi niliyeandika, kwa mkono wangu, na yeye alikuwa amenikataza."

Mzee Okelo akasema, "Umechukua muda."

Rispa ndiye aliyeniomba nikae. Akaniambia jambo ambalo wewe hukuwahi kuniambia: kwamba umekwenda kwake mara nne. Mara ya kwanza alikataa kukuona, ukakaa nje ukamsaidia Tobias kushona neti. Mara ya pili ukamfungia arifa zote kwenye simu. Ya tatu ukamfundisha kuzifunga mwenyewe. Ya nne alikupikia.

"Nilimuuliza kama kweli ni yeye," Rispa akasema. "Akasema ni yeye. Leo wewe unasema ni wewe. Sasa kati yenu wawili, nani mwongo?"

"Yeye," nikasema.

Mzee Okelo alicheka kwanza, halafu wanawake, halafu Rispa mwenyewe, kidogo, kisha kicheko kikamgeuka kikawa kilio, na nikalia naye. Alipotulia alinishika bega akasema, "Mimi sina cha kukufanya. Nilikuwa nangoja tu mwenye maneno aje."

Kuna mawili matatu ya kazi nilitaka kukuambia, na nitayasema hapa kwa kuwa yameshanigharimu. Huko Nakuru watakuonyesha idadi ya waliobonyeza, na utaipenda, kwa sababu inapendeza. Ulizia pia waliofunga. Kila mmoja wao ni Mwita fulani aliyeacha mahindi yake uani. Na kabla hujatuma neno tamu, lipeleke kwanza kichwani mwako kwa mtu asiyestahili kulipata, mtu ambaye simu imemfikia kwa kuazimana, maana nyumba zetu zina simu moja na mikono mingi, na wenye makampuni hufikiri kila simu ina mwenyewe mmoja. Lakini hayo wewe unayajua kunizidi. Usilolijua ni hili. Siku moja mkubwa wako atakosea, na mbele ya mteja atakutazama wewe kama nilivyokutazama mimi. Usimfanyie ulivyonifanyia. Usisimame. Mwache yeye ajibu. Ulinipenda vibaya siku ile, mwanangu, na mimi nikakubali kupendwa hivyo kwa sababu kulinifaa.

Nilipokuwa naondoka, Rispa aliniuliza kama unajua nimekuja. Nikasema hapana, nitakuandikia barua nzuri, niiweke kwenye begi chini ya mashati, uisome ukifika Nakuru.

"Uiweke kwa begi?" akasema. "Aisome peke yake, kwa chumba ya kupanga, hata hajala?"

Nilirudi Oyugis na hilo swali.

Kwa hiyo barua hii haiingii kwenye begi lako. Nimeiandika ili maneno yakae kwenye mstari na nisiruke yale yanayoniumiza. Kesho utakula kwanza. Atieno nimemwambia achelewe shule, akae nasi mezani. Kisha nitakusomea yote, kuanzia juu, na nikifika hapa nitaweka karatasi chini nikuambie kwa mdomo wangu: Wuoda, mwanangu, ni mimi niliyeandika. Nilijua, nikakuacha usimame. Nisamehe.

Usinijibu upesi ili kunifariji. Ukikasirika, kasirika hapohapo, mbele yangu. Gari lenu haliondoki kabla ya saa nne.

Mama yako